TUIJUE DUNIA: Kwa baiskeli juu ya vilima vya Uingereza



  Mwezi uliopita ukurasa huu ulikuwa baharini pamoja na wavuvi. Mwezi huu tunarudi nchi kavu na tunapanda baiskeli, au kinga, kama wanavyosema wazee wetu waliotoka upande wa Kongo.

Katika sanduku la maswali tulikuta karatasi ya mtoto wa darasa la sita. Ameandika hivi: "Mwalimu, nimeona picha ya Wazungu wanaendesha baiskeli kwenye majani juu ya kilima. Je, hawana barabara? Na shamba hilo ni la nani?" Maswali mawili, na yote mazuri. La kwanza ni jepesi. La pili ndilo lililotufanya tusome sana, na ndilo tunaloomba familia zilizungumze jioni baada ya chakula.

Vilima vyenyewe vikoje

Kusini mwa Uingereza hakuna milima mirefu. Ardhi inapanda kidogo, inashuka kidogo, halafu inapanda tena. Kuna mashamba ya ngano, malisho ya kondoo, vichaka, na vijiji vidogo vilivyojificha mabondeni. Safu moja ya vilima hivyo inaitwa South Downs, nayo inakwenda karibu sambamba na bahari. Mmoja wa warefu kabisa katika safu hiyo ni Butser Hill, mita 270 hivi juu ya usawa wa bahari. Ili mwelewe: maji ya Ziwa Tanganyika yenyewe yako kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Maana yake mvuvi wa Baraka aliyekaa ndani ya mtumbwi wake yuko juu kuliko Mwingereza aliyesimama kileleni pa Butser!

Vilima hivi vimeumbwa kwa chaki. Ndiyo, chaki. Ni mwamba mweupe, laini, uliotokana na maganda ya viumbe vidogo sana vya baharini, ambavyo vilikufa na kurundikana chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Mvua ikinyesha, maji yanazama upesi ndani ya mwamba huo, kwa hiyo mgongo wa kilima unakauka haraka. Bondeni kunabaki tope. Ndiyo sababu tangu zamani sana watu, kondoo na mikokoteni walipita juu, mgongoni mwa kilima, na wenye baiskeli wa leo wanafuata nyayo hizo hizo. Lakini msidhani ni raha tupu. Chaki ikilowa inateleza kama sabuni, na ndani yake mna mawe ya gumegume yenye makali ya kupasua tairi.

Baiskeli za njia mbovu

Hapa kambini baiskeli ni kazi. Inabeba kuni, inabeba madumu ya maji, inabeba mgao, inambeba mama mjamzito kwenda zahanati. Kule kwenye vilima, mtu anaipanda siku ya mapumziko kwa ajili ya afya na kuona nchi yake. Hebu tusicheke haraka. Mtu anayekaa ofisini siku tano kwenye kiti anahitaji jasho la siku ya sita.

Baiskeli zao za milimani zina matairi mapana yenye meno, gia nyingi za kupandia, breki kali, na nyingi zina shokapu mbele. Aina hii ilianza kupata umbo lake Marekani, katika jimbo la California, miaka ya 1970. Vijana wa huko walichukua baiskeli nzito za zamani zenye matairi manene, wakawa wanateremka nazo milimani. Lakini Waingereza walikuwa wamekwisha kupita njia mbovu kwa baiskeli za kawaida kabla ya hapo. Mwaka 1955, katika mji wa Leominster, wapenzi wa mchezo huo walianzisha chama chao wakakiita Rough-Stuff Fellowship. Walikuwa wakifika mahali pasipopandika, wanabeba baiskeli begani. Jambo hilo mafundi na wabebaji wetu wanalijua bila kusimuliwa.

Na mfuko wa safari? Pampu, kiraka, solusheni, mpira wa ndani wa akiba, spana ndogo, maji, mkate, na koti la mvua. Fundi yeyote wa sokoni kwetu angeufungua mfuko ule akaanza kazi mara moja.

Njia mbili mashuhuri

Ya kwanza inaitwa South Downs Way. Inaanzia mji wa Winchester na kuishia Eastbourne, kando ya bahari. Urefu wake ni kilomita 160. Ilizinduliwa mwaka 1972, nayo ndiyo njia ndefu ya taifa ya kwanza iliyofunguliwa kwa wenye farasi na baiskeli, siyo kwa waenda kwa miguu peke yao. Mwenye nguvu nyingi anaweza kuimaliza kwa siku moja ndefu ya kiangazi, ila wengi wanaigawa siku mbili, tatu au zaidi. Ukijumlisha vipando vyote kutoka mwanzo hadi mwisho, unakuta umepanda karibu mita 4,000. Kilima kimoja ni kidogo, lakini vilima vingi vidogo vinachosha kuliko mlima mmoja. Haba na haba!

Ukiwa juu, sehemu kama Ditchling Beacon penye mita 248, upande wa kusini unaona bahari, upande wa kaskazini unaona mashamba na vijiji. Maji ni shida kule juu kwa sababu ya ile chaki, kwa hiyo mahali fulani fulani pamewekwa mabomba ya kunywea wasafiri. Karibu na mwisho, kuanzia kijiji cha Alfriston, njia inagawanyika. Waenda kwa miguu wanaweza kupita kandokando ya bahari, juu ya magenge meupe. Wenye baiskeli na farasi wanapita ndani, kupitia Jevington. Shikeni hilo la kugawanyika, tutalirudia.

Ya pili inaitwa Ridgeway. Inaanzia Overton Hill, karibu na mawe ya kale ya Avebury, mpaka Ivinghoe Beacon, jumla ya kilomita 139. Ilizinduliwa mwaka 1973, lakini njia yenyewe ni ya kale mno. Inasemekana watu wameipita kwa miaka isiyopungua 5,000. Nusu yake ya magharibi, kama kilomita 70 hadi mto Thames, iko wazi kwa baiskeli. Njiani unapita karibu na farasi mkubwa mweupe wa Uffington, aliyechorwa kwenye ubavu wa kilima kwa kuchimba majani na kujaza chaki. Ana urefu wa mita 110 na umri wa miaka kama 3,000.

Sasa tujiulize: mchoro wa chaki unakaaje miaka 3,000? Majani hayalali. Yangeachwa, yangemfunika farasi huyo katika muda mfupi tu. Amebaki kwa sababu kizazi baada ya kizazi watu wamepanda kilimani kung'oa majani na kugongomea chaki mpya. Hata leo watu wa kujitolea wanakwenda na nyundo kufanya kazi hiyo. Bila mikono ya watu hakuna farasi.

Shamba hilo ni la nani?

Tufike sasa kwenye swali la pili la mtoto wetu. Yale majani ya kwenye picha, karibu kila mahali, yana mwenyewe. Kuna mkulima, au tajiri, au taasisi yenye hati. Lakini katikati ya ardhi hiyo kuna njia, na juu ya njia hiyo kila mtu ana haki ya kupita. Ardhi ni ya mwenyewe, kupita ni kwa wote. Mwenye shamba hawezi kufunga njia hiyo kwa kufuli, wala kuilima ikapotea, wala kumdai mpita njia shilingi. Akiziba, mwananchi yeyote anaweza kupeleka taarifa kwenye halmashauri ya eneo lake, na kwa sheria ni wajibu wa halmashauri kulinda njia ile.

Katika Uingereza na Wales njia za namna hii, zikiunganishwa zote, zinafika kama kilomita 225,000. Hebu mkumbuke kwamba kuizunguka dunia nzima mara moja ni kilomita 40,000 tu.

Ila si kila njia ni ya kila mtu. Ndiyo maana kwenye nguzo na mageti wameweka mishale ya rangi. Mshale wa njano ni njia ya miguu: tembea tu. Mshale wa buluu ni njia ya farasi: miguu, farasi na baiskeli. Mshale wa zambarau unaongeza mikokoteni ya kukokotwa na wanyama. Mshale mwekundu ni njia iliyo wazi kwa wote, hata magari. Na ukiona alama ya tunda la mwaloni, ujue uko kwenye njia ndefu ya taifa. Sasa mmeelewa kwa nini kule Alfriston njia inagawanyika. Ya kando ya bahari ni ya miguu, ya ndani ni ya farasi.

Mwenye baiskeli akiingia njia ya mshale wa njano, mwenye shamba anaweza kumwambia ageuze. Na njia zinazomruhusu mwenye baiskeli ni kama moja ya tano tu ya zote. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba Waingereza wanajiendea popote wanapotaka. Majirani zao Waskoti wako mbele kwa hilo. Sheria yao ya mwaka 2003 inampa mtu haki ya kupita karibu ardhi yote, hata kwa baiskeli, mradi aheshimu mali na watu.

Haki hii ilitoka wapi

Haikuanguka kutoka juu. Tarehe 24 Aprili 1932, watu wapatao 400, wengi wao vijana wafanyakazi wa viwandani, walipanda mlima Kinder Scout, kaskazini zaidi ya vilima tulivyovitaja. Mlima ule ulikuwa umefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Benny Rothman, kijana wa miaka 20 kutoka Manchester. Siku hiyo alikwenda kwa baiskeli, kwa sababu polisi walikuwa wakimvizia kwenye stesheni ya treni. Kulitokea mvutano na walinzi wa mlima. Vijana watano walifungwa jela, kuanzia miezi miwili hadi sita. Rothman alipewa minne. Kosa la msingi lilikuwa nini? Kutaka kutembea.

Watu wengi waliona hukumu ile imezidi. Kelele ziliendelea, zikaungana na za wengine waliokuwa wakidai jambo hilo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 1949 ikatoka sheria ya kuanzisha hifadhi za taifa na kuziandika njia zote za umma kwenye ramani rasmi. Mwaka 1951 eneo la Kinder likawa ndani ya hifadhi ya taifa ya kwanza, Peak District.

Na baiskeli? Zilingoja. Ni mwaka 1968 tu sheria iliporuhusu baiskeli kwenye njia za farasi, na iliwapa masharti: mwenye baiskeli ampishe mwenye miguu na mwenye farasi. Sharti hilo lipo mpaka leo. Yaani mwenye mwendo anampisha asiye na mwendo. Laiti vijana wetu wa bodaboda wangelisikia hili!

Ruhusa na haki

Hapa sisi tulisoma mara mbili. Sheria yao ya barabara ya mwaka 1980 inasema kwamba watu wakiipita njia kwa miaka 20 mfululizo bila kuzuiwa, njia hiyo inahesabiwa kuwa ya umma, isipokuwa mwenye ardhi aonyeshe kwamba hakuwa na nia hiyo. Lakini kuna masharti matatu. Wawe wamepita bila nguvu, bila kificho, na bila ruhusa.

Bila ruhusa! Inashangaza, sivyo? Mtu angedhani mwenye ruhusa ndiye mwenye nguvu zaidi. Kumbe ni kinyume. Ukipita kwa sababu mwenye shamba alikuambia "pita tu, jirani", basi unapita kwa hisani yake, na hisani hiyo anaweza kuiondoa kesho. Hata ukipita miaka 20, hata 40, ruhusa haizai haki. Wapo wenye ardhi wanaoweka kibao kusema kwamba njia hii ni hisani tu. Wapo hata wanaofunga geti siku moja kila mwaka, ili isije ikasemwa kwamba watu walipita bila kuzuiwa.

Sisi tunaoishi kwa kibali tunaielewa tofauti hiyo bila kamusi. Wengi wetu walimu wa kujitolea tumekulia humu humu. Tunajua kibali cha kutoka kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kurudi. Hatusemi hivi kwa kulalamika. Nchi hii ilitupokea wakati hatukuwa na pa kulala, na hilo hatulisahau. Tunasema tu kwamba haya ni maneno mawili tofauti, na mtoto anayesoma anapaswa kuyajua yote mawili. Ruhusa ni kitu unachopewa, unashukuru, unakitunza vizuri. Haki ni kitu unachokuwa nacho hata mwenzako akiamka vibaya. Mwenye ruhusa peke yake hajakosa utu, lakini hajafika. Na asiyejua tofauti atadhani amefika.

Kufunga geti

Upande wa pili tusiusahau, kwa sababu mkulima naye ana watoto wa kulisha. Kondoo wake wanazaa majira ya kuchipua. Mwenye baiskeli akipita mbio katikati yao, wanatawanyika. Geti likiachwa wazi, mifugo inaingia kwenye ngano au barabarani. Kwa hiyo kanuni ya mashambani kwao inasema geti uliache kama ulivyolikuta: lililofungwa lifunge, lililo wazi liache. Usitupe taka. Mbwa mshike. Na njia ikiwa tope tupu, matairi yanaichimba na kuiharibu, kwa hiyo wenye busara wanasubiri ikauke au wanachagua njia nyingine.

Ugomvi upo, tusidanganyane. Wapo waenda kwa miguu wanaolalamika kwamba baiskeli zinawashtua kwa nyuma. Wapo wakulima waliochoka na mageti yaliyoachwa wazi. Wapo wenye baiskeli wasiojali mshale wa njano. Haki ya kupita imeishi muda mrefu kwa sababu wengi wao wanafunga geti, wanapiga kengele, wanasema "habari za asubuhi". Asiyefunga geti anampa mwenye shamba sababu ya kuwachukia wote.

Njia isiyoandikwa

Jambo la mwisho, na kwetu ndilo kubwa. Baada ya ile sheria ya 1949, vijiji viliombwa kuorodhesha njia zao. Wanakijiji walizipita, wakaziandika, zikaingia kwenye ramani rasmi. Ila kazi haikuwa sawa kila mahali. Kijiji kimoja kiliandika zote, kingine kilisahau nyingi. Mwaka 2000 sheria nyingine ikaweka ukomo: njia za zamani ambazo zingekuwa bado hazijaandikwa ifikapo tarehe 1 Januari 2026 zingeweza kupotea kisheria. Baadaye ukomo ukasogezwa hadi 2031, na Desemba 2024 serikali yao ikatangaza kwamba inakusudia kuufuta.

Kwa miaka hiyo yote watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, wamekuwa wakifukua ramani za zamani kwenye makabati ya kumbukumbu. Mzee anasema, "Babu yangu alipeleka nafaka kinuni kwa njia hii." Wanamwuliza, "Una karatasi?" Ndipo kazi inapoanza. Njia ambayo watu walikuwa wakiipita tu bila kuiandika inahitaji sasa ushahidi.

Ndugu zetu, tufikirie kwetu. Hapa kambini kuna watoto wengi ambao hawajawahi kuona Fizi, wala Uvira, wala Kalemie, wala Moba. Mzazi anajua kabisa: ukitoka nyumbani unapita kwenye mwembe, unashuka mtoni, unavuka kwenye jiwe kubwa, unaacha shamba la fulani kushoto, unafika sokoni. Njia hiyo iko wapi sasa? Iko kichwani mwa huyo mzazi peke yake. Siku akiondoka duniani, anaondoka nayo. Na siku familia ikirudi, mtoto atasimama mbele ya majani asijue hata pa kuanzia.

Tuseme ukweli, mchoro wa penseli hautampa mtu hati ya shamba. Tusiwadanganye. Lakini mtoto mwenye mchoro anajua jina la mto, anajua majirani walikuwa nani, anajua mpaka ulipita wapi, na anaweza kuuliza swali linaloeleweka. Asiye na kitu ataambiwa chochote, naye ataitikia.

Na hapa hapa tulipo tuna njia za kutunza. Kila msimu ua wa nyumba hii unasogea hatua moja, bustani ya nyumba ile hatua moja, mpaka njia ya bombani inabaki ya kupita mtu mmoja, tena kwa ubavu. Mama mwenye dumu kichwani na mtoto mgongoni atapita wapi? Mtu wa kiti cha magurudumu je? Njia ya bombani haina tajiri wa kuilaumu. Tunaila sisi kwa sisi, kidogo kidogo.

ZOEZI LA FAMILIA KWA MWEZI HUU

1. Mtoto akae na mzee wa nyumba, babu, bibi, mama au baba, amwulize: "Kutoka nyumbani kwetu kule, ulikuwa unapita wapi kwenda mtoni, shuleni na sokoni?" Amwache aseme bila kumkatiza.

2. Achore njia hiyo kwenye karatasi. Aandike majina ya mito, vilima, miti mikubwa na majirani. Watoto wa darasa la sita na kuendelea wajaribu kutumia kipimo. Ramani ya matembezi ya Uingereza inayotumika sana inachukua sentimita 4 kwa kila kilomita 1. Basi mzee akisema soko lilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu, tukadirie kilomita 4 au 5, mstari wako utakuwa na sentimita ngapi? (Majibu: 16 hadi 20.)

3. Waandike tarehe, jina la mzee aliyesimulia, na jina la aliyechora. Karatasi iwekwe pamoja na kadi na vyeti vya familia, ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na paa linalovuja. Anayependa atuletee shuleni tuinakili iwe nakala mbili, maana karatasi moja ni rahisi kupotea.

4. Wakubwa wa kila mtaa wakutane dakika chache waitazame njia yao ya bombani. Upana uwe wa kupita watu wawili na dumu zao. Aliyesogeza ua aurudishe kwa amani, bila matusi na bila kumsubiri kiongozi.

Wenye baiskeli, nanyi tunawaomba: pigeni kengele mnapofika karibu na watoto, na mwenye mzigo kichwani mpisheni kwanza.

Mwezi ujao, tukijaliwa uzima, tutaingia shambani kuangalia nyuki na kazi yao. Tupeni maswali yenu mapema.

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea.